Kipimo cha kiwele (mama anakiita "cha mlenda"): mwaka na nusu kwenye ng'ombe watatu

Wakuu habari za jioni. Leo naongelea kitu kidogo sana ambacho kingeniokolea hela nyingi kama ningekijua mapema, kile kipimo cha kiwele, ile sahani nyeupe ya plastiki yenye vibakuli vinne na mkono wake wa kushikia, inauzwa na chupa ya dawa ya zambarau. Wataalam wanakiita CMT, hiyo C ni California kule Marekani, M ni mastitis yaani ugonjwa wa kiwele, T ni test yaani kipimo, kilitangazwa mwaka 1957, yaani kimemzidi umri baba yangu mdogo na bado kuna watu tunafuga miaka kumi hatujawahi kukishika. Sijalipwa na mtu, nimenunua kwa hela yangu, na ubovu wake ntausema pia.

Mjue kwanza nafugia wapi. Ni Machame, kihambani kwa mama, ng'ombe wa bandani wanaokatiwa mabingobingo na migomba, pumba na mashudu ya alizeti tunanunua. Mi kazi yangu iko Moshi mjini, napanda wikiendi tu, kukamua anakamua kijana na bosi wa banda ni mama. Ng'ombe wakubwa ni watatu, Sikujua, Bahati na Mchele.

Mwaka juzi mwishoni Sikujua akaanza kushuka. Alikuwa anatoa lita 14 kwa siku, ndani ya miezi miwili akafika 9, na ukimwangalia hana shida, anakula, hana homa, kiwele laini, maziwa meupe kabisa huoni bonge wala damu. Tukasema labda kwa sababu ameshakaa muda tangu azae, lakini mbona anashuka kwa kasi hivyo? Mama akasema ni pumba, wanachanganya na pumba za mpunga siku hizi, tukahama muuzaji, tukahama tena, tukaongeza mashudu, tukanunua na jiwe la madini la kulamba, wapi. Hapo hela inatoka tu na lita ni zile zile.

Alafu Januari mwaka jana asubuhi mama ananipigia, "Baba, maziwa yamerudishwa." Kule kituoni wanakopeleka walichanganya kidogo na alkoholi, ile wanayopima kila siku, yakakatika. Ndoo nzima ikarudi nyumbani na majirani wanaona, na ukijua wamama wa kule walivyo na heshima ya maziwa yao utaelewa kwanini mama hakwenda jumuiya wiki ile.

Sasa nikafanya kosa ambalo nahisi wengi tunalifanya. Nikaingia duka moja la dawa za mifugo, silitaji, nikaeleza, jamaa hajauliza ng'ombe amezaa lini wala ni chuchu ipi, akanipa boksi la tyubu za antibayotiki akasema ingiza chuchu zote nne siku tatu. Nikaingiza. Maziwa ya siku zote zile pamoja na zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye boksi tukamwaga, ilikuwa inauma, wiki ya pili maziwa yakarudi kuwa yale yale. Nikampigia tena akaniambia nibadilishe aina ya tyubu. Nikasema asante.

Ndo nikamtafuta daktari wa mifugo, siyo wa dukani, akapanda na pikipiki yake. Kafika, shikamoo mama, marahaba, kaomba maji na sabuni kanawa, mama akaanza kumhadithia habari za pumba yeye anaitikia tu huku anatoa ile sahani kwenye begi. Akamwambia kijana akamue mara mbili tatu kwanza pembeni, kwenye kikombe cheusi, kuona kama kuna mabonge, hakuna. Alafu kila chuchu ikakamuliwa kwenye kibakuli chake, akainamisha sahani maziwa ya ziada yakamwagika yakabaki kwenye mstari, hata kijiko kimoja hakifiki, akaweka dawa kiasi kile kile, akaanza kuzungusha taratibu kama mtu anayezungusha kahawa isimwagike.

Haikufika hata sekunde 15. Vibakuli vitatu maziwa yanazunguka kama maji yenye rangi. Cha nne, chuchu ya nyuma kulia, yakawa mlenda. Simaanishi mazito, namaanisha mlenda kabisa, yamejikusanya katikati na akiinamisha hayamwagiki, yanahama kwa pamoja yanavuta. Mama akashika kichwa, "Yesu wangu, hayo ndo tumekuwa tunakunywa?"

Daktari akaeleza vizuri sana. Kiwele kikiingiwa na bakteria mwili unapeleka chembe nyeupe za damu kupigana, zinajaa kwenye maziwa lakini kwa macho huzioni. Ile dawa kimsingi ni sabuni pamoja na rangi, inapasua zile chembe na vilivyomo ndani vinatoka vinashikana, ndo ule mlenda. Chembe zikiwa nyingi mlenda unazidi, zikiwa chache maziwa yanabaki majimaji. Huu ni ugonjwa wa kiwele wa kimya kimya, kiwele hakivimbi, ng'ombe haumwi, lita tu ndo zinaondoka, na kwa kawaida hawa wa kimya ni wengi kuliko wale unaowaona wamevimba. Bahati naye akakutwa na dalili kidogo chuchu mbili, Mchele safi.

Akachukua maziwa ya Sikujua kwenda maabara, akafuta ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti kwanza, kichupa kisafi, kikawekwa kwenye chombo cha barafu. Jibu likaja, bakteria anaitwa Staphylococcus aureus. Huyu bwana ni mbaya kwa sababu anajificha ndani ya nyama ya kiwele na tyubu mara nyingi hazimfikii vizuri, na anahama ng'ombe hadi ng'ombe wakati wa kukamua, kwa mikono na kwa vitambaa. Aliposema vitambaa mi na mama tukaangalia ndoo. Kulikuwa na kipande kimoja cha khanga ya mama iliyochakaa, ndo kilikuwa kinafuta viwele vitatu asubuhi na jioni, kwenye maji yale yale ya uvuguvugu, kwa miaka. Kijana akakiondoa bila kuambiwa.

Haya, nikaagiza kipimo changu. Bei sitaandika maana inategemea duka na mzigo umeingia lini, ila mimi ilinitoka pungufu ya nilichopoteza kwenye lile boksi la tyubu na maziwa yaliyomwagwa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kinakwambia chuchu IPI. Hili ndo la maana, maana kipimo cha kituoni wanapima ndoo, wanakwambia mbaya, basi, hujui ni ng'ombe gani. Kwa hiki najua ndani ya dakika moja pale pale bandani, na hakihitaji umeme wala elimu kubwa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapima wote, naandika kwenye daftari, hakuna mlenda naweka sifuri, kidogo naweka moja, mpaka tatu. Baada ya miezi mitatu lile daftari linaongea lenyewe. Bahati alirudi sifuri chuchu zote bila dawa yoyote, kwa kubadilisha ukamuaji tu: Mchele anakamuliwa wa kwanza, Bahati wa pili, Sikujua wa mwisho kabisa, kila mmoja na kitambaa chake kinachochemshwa, chuchu inakaushwa kabla ya kukamua, ukimaliza unachovya kila chuchu kwenye dawa ya ayodini. Na majani wanawekewa baada ya kukamuliwa ili wasimame, kwa sababu tundu la chuchu linabaki wazi kama nusu saa hivi au zaidi, akilala kwenye mavi muda huo ndo kaingiza wadudu mwenyewe.

Ubovu sasa. Sahani niliyonunua ya kwanza plastiki yake ni nyepesi, mkono ulipasuka mwezi wa nne tu, na ile mistari ya kipimo imefifia sa hivi nakadiria. Maelekezo yote Kiingereza, tena maandishi ya sisimizi. Na chupa nyingine zinauzwa dawa ikiwa kali, ni ya kuzimuliwa na maji kwanza, mi sikusoma hiyo sehemu nikaitumia hivyo hivyo ikaisha kwa miezi miwili, daktari ananiuliza umekunywa? Kingine, lazima usome haraka, ukifika sekunde 20 hujaamua ule mlenda mwepesi unapotea unadhani ng'ombe mzima. Na usidanganyike, hakikwambii ni bakteria gani, na hakitibu. Kuna jirani kaazima kwangu, kaona mlenda, kakimbilia dukani kununua tyubu. Hapo tumerudi kule kule.

Alafu kuna kitu hakijaandikwa mahali pa kuonekana na kiliniletea presha ya bure. Mwezi wa tano mwaka jana Bahati kazaa, siku ya tatu mi na sahani yangu, napima, chuchu zote nne mlenda! Nikampigia daktari usiku natetemeka, akacheka mpaka nikamsikia mkewe anauliza kuna nini. "Kaka, hiyo bado ni dang'a." Kumbe maziwa ya siku za mwanzo yana chembe nyingi kwa asili yake, subiri wiki ipite ndo upime. Hivyo hivyo na ng'ombe anayekaribia kukauka, yaani kuacha kukamuliwa kabla ya kuzaa tena, akiwa anatoa kidogo sana kipimo kinaweza kukudanganya.

Hapo kwenye dang'a ndo nataka nikae kidogo, maana watu wanadhani kiwele ni hesabu ya lita tu. Mwaka juzi mwezi wa tano Sikujua alizaa ndama jike, mzuri, mweusi na nyota nyeupe usoni, na tulikuwa tunamtafuta jike kwa miaka. Ile chuchu ya nyuma ilikuwa ngumu siku ile, dang'a ilitoka na damu na mabonge, tukaogopa tukamwaga yote, hata ya zile chuchu nyingine, ndama akaja kupata kama lita moja kesho yake mchana. Siku ya nne akaanza kuharisha, siku ya sita mama akamkuta amelala kichwa kimekunjwa ubavuni, amekwisha. Tulimlaumu kijana kwamba kamlaza kwenye baridi.

Daktari alipoiskia hiyo habari hakutulaumu, alituambia tu hesabu. Ndama anazaliwa hana kinga yoyote ya damuni, kinga yote iko kwenye dang'a, na utumbo wake unaipokea vizuri saa za mwanzo tu, kila saa mlango unazidi kufunga, ikifika saa 24 umefungwa. Kwa hiyo ndani ya saa moja au mbili anywe, na siku ile apate kama asilimia 10 ya uzito wake, ndama wa kilo 35 ni lita tatu na nusu. Sisi tulimpa moja, kesho yake. Nilikaa kimya muda.

Mwaka jana tukafanya tofauti. Sikujua tulimpima kabla hajaanza kukauka, tukamkausha siku 60 kabla ya tarehe yake ya kuzaa, akawekewa tyubu za kukaushia, hizi siyo zile za wakati wa kukamua, hizi zinakaa ndani muda mrefu, kila chuchu ncha inafutwa kwa spiriti kwanza maana ukiingiza uchafu umemuua. Bahati alipozaa ndama wake alipewa lita tatu kwa chupa ndani ya saa mbili, ikabaki dang'a nyingi, nikaijaza kwenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu, sikujaza mpaka juu zisije kupasuka, nikaweka kwenye friza ya mama katikati ya kuku na samaki. Mama alinuna, friza yake ya biashara ya barafu. Mwezi wa sita Sikujua kazaa usiku saa nane, chuchu ya nyuma kulia bado mbaya, ile ikamwagwa peke yake, na kujazia tukatoa chupa ya Bahati. Inayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu tu, usichemshe, ukichemsha kinga yote inakufa umempa mtoto uji. Aliyeshika tochi ni mama. Aliyekumbuka kwamba kitovu kichovywe kwenye ayodini kali, ile ya asilimia 7, ni mama pia, mi nilikuwa nahangaika na chupa.

Na bado aliharisha, siku ya tisa! Nawaambia hili mapema msije mkasema kipimo kimeniangusha. Ilikuwa ndoo yake, kijana alikuwa anaisuuza na maji baridi tu. Daktari kwa simu akaniambia mvute ngozi ya shingo uachie, inarudi haraka au inasimama? Ilisimama kidogo. Macho hayajazama sana. Basi tukampa maji ya chumvi na sukari, lita mbili mara mbili tatu kwa siku, katikati ya milo, maziwa hatukumkatia, maana zamani tulikuwa tunawanyima maziwa wakiharisha na ndo tulikuwa tunawamalizia nguvu. Siku tatu kasimama. Huyu aliyenusurika ni dume bwana, yule jike ndo alienda, lakini haidhuru, anarukaruka huko na hereni yake sikioni ya chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa, naona watu wanasema mpe ndama tu au chemsha. Kuchemsha hakuondoi antibayotiki, na ndama ukimzoesha kunywa mabaki ya dawa kila siku unafuga bakteria sugu tumboni kwake. Sisi tunamwaga shimoni. Inauma, najua.

Kwa wasio na uwezo wa kununua, au mko mbali na duka, huko Pakistan wafugaji wadogo wanatumia sabuni ya unga ya kawaida, maji yenye asilimia 3, yaani gramu 15 kwenye nusu lita, unachanganya nusu kwa nusu na maziwa. Nimejaribu baada ya ile sahani kupasuka mkono, na visahani vinne vya chai vya mama. Mlenda mkubwa unauona vizuri kabisa, ule wa mwanzo mwanzo mimi binafsi siuoni, kwa hiyo kama unaweza nunua dawa yenyewe, chupa peke yake inauzwa, angalia tu tarehe ya mwisho na uangalie kama ni ya kuzimua.

Nyota: dawa natoa 5 kati ya 5, sahani niliyopata mimi 2, ya pili ni nene kidogo hiyo 4. Maelekezo 1. Huduma ya yule daktari ningetoa 5 ila huwa anachelewa, akisema saa nne njoo nae saa saba. Duka la tyubu sitoi kitu.

Sikujua bado yupo. Ile chuchu tumeiacha kabisa, haikamuliwi, anatoa lita 11 kwa chuchu tatu, na daktari ameshasema mara mbili kwamba ng'ombe wa hivi ni wa kuuza nyama kabla hajamwambukiza Mchele. Mama hataki kusikia. Jumamosi iliyopita nilichelewa kupanda, nikakuta ameshapima mwenyewe bila miwani, amejaza daftari kwa mwandiko wake mkubwa, na kwenye mstari wa Sikujua hajaweka namba, ameandika "mlenda, lakini kidogo."